Neno la Juma: Kura

Neno linalopimwa juma hili lina herufi nne tu, na hakuna mtu mzima katika Uasin Gishu asiyelijua. Ni KURA. Wapendao mchezo wa kupanga herufi ubaoni watalitazama kwa jicho la faida. Wazee waliopata mashamba yao katika miaka ya 1960 na 1970 watakumbuka kikaratasi kilichokunjwa. Na wako wenyeji wa Eldoret ambao wakilisikia hunyamaza kidogo kabla ya kuendelea na mazungumzo. Si maneno mengi ya herufi nne yawezayo kufanya yote hayo. Basi yafaa kuanza na asili yake, kisha thamani yake ipimwe.

Kura ni mgeni aliyefika pwani kwa majahazi ya kaskazi akapewa uenyeji. Kwa Kiarabu neno ni qur'a, nalo latokana na shina lenye maana ya kugonga, kama mtu agongavyo mlango. Waislamu hulikuta shina hilo katika jina la sura ya 101 ya Kurani, Al-Qaria, yaani ile igongayo. Mtu aweza kushawishika kusema kwamba ndiyo sababu Waswahili husema "kupiga" kura. Lakini asiharakishe. Kiswahili hupiga kila kitu: hupiga pasi, hupiga hodi, hupiga chapa, hupiga simu, na mvivu hupiga usingizi. Pigo la kura huenda likawa la Kiswahili chenyewe.

Lililo muhimu zaidi ni kwamba maana ya kwanza ya neno hili haikuwa kuchagua. Ilikuwa kujiepusha na kuchagua. Ndugu watatu wamerithi mashamba matatu yaliyo sawa kwa kipimo, na kila mmoja alitaka lile lililo karibu na kisima. Wakibishana watagombana, mkubwa akiamua ataambiwa amejipendelea. Basi hupigwa kura, na kura ikishaanguka hakuna wa kulaumiwa, kwa kuwa hakuna aliyeamua. Hiyo ndiyo kazi ya kura ya kale: kuondoa mkono wa mwanadamu katika jambo ambalo mkono wa mwanadamu ungeliharibu.

Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili ya mwaka wa 1952 wanaijua vizuri kura ya namna hiyo. Mabaharia walipiga kura ili wajue dhoruba imewapata kwa ajili ya nani, nayo ikamwangukia Yona. Yoshua aliwagawia makabila nchi kwa kura. Askari waliigombea kanzu ya Bwana Yesu kwa kura, na mitume walipotaka mtu wa kukaa mahali pa Yuda, kura ilimwangukia Mathiya. Katika habari hizo zote hakuna aliyehesabu watu wangapi wanamtaka nani. Na Waislamu nao wanayo habari ya wale waliotupa kalamu zao ili ijulikane ni nani atakayemlea Maryamu; ulezi ukawa wa Zakaria.

Imekuwaje, basi, neno la kukataa kuchagua likawa neno la kuchagua? Jibu limo chomboni. Aliyetafuta bahati alitia kijiti, kijiwe au karatasi katika chombo. Aliyetaka kumchagua kiongozi kwa siri naye alitia kitu kidogo katika chombo. Macho yaliona tendo moja, na ulimi ukatumia jina moja. Wala Waswahili si wa peke yao. Waarabu wa leo huuita upigaji kura iqtira, neno la shina lile lile. Waingereza husema ballot, nalo wamelichukua kwa Wataliano waliosema ballotta, yaani kijipira, kwa kuwa huko Venice wajumbe walitumbukiza vijipira katika chombo. Wagiriki wa kale walitumia vijiwe. Nao Waathene walikwenda mbali zaidi, maana maofisa wao wengi na mahakimu wa mabaraza yao waliwekwa kwa kura ya bahati, kwa kuwa waliona uchaguzi huwapendelea matajiri na wasemaji. Katika Gambia, hata katika uchaguzi wa rais wa mwaka wa 2021, mpiga kura alitumbukiza gololi katika pipa la mgombea wake, na kengele ikalia ndani ili wasimamizi wajue ametumbukiza moja tu. Mcheza bao yeyote angejisikia nyumbani.

Neno jingine la Kiingereza, vote, lina ukoo mwingine kabisa. Limetoka katika Kilatini votum, yaani nadhiri au ombi. Kwa hiyo Mzungu anapopiga kura kwa neno hilo huwa anaweka nadhiri, na kwa lile jingine anatupa kijipira. Mswahili analo neno moja la kubeba mizigo yote miwili, bila kusahau "debe", ambalo ni neno la Kihindi la bati la mafuta ya taa. Debe lilianza kwa kubeba mafuta, likaja kupima mahindi sokoni, na hatimaye likawa sanduku la kura, hata mwanasiasa akasemwa kwamba amerudi debeni. Lakini debe lastahili juma lake lenyewe.

Sasa thamani. Mchezo wa herufi ujulikanao zaidi ulimwenguni ni Scrabble, uliobuniwa katika miaka ya 1930 na Alfred Butts, mchoraji wa majengo wa Marekani ambaye mdororo wa biashara ulimwacha bila kazi. Bwana Butts alitaka kujua kila herufi ina thamani gani, naye akaketi akahesabu herufi katika kurasa za magazeti, likiwamo The New York Times. Herufi iliyoonekana mara nyingi aliipa pointi moja. Iliyoonekana kwa nadra aliipa pointi nyingi. Mwaka wa 1948 James Brunot aliupa mchezo huo jina unaloitwa hata leo, ukaenea. Ubao una miraba 225, kete ni 100, na mbili kati ya hizo hazina herufi.

Kwa kipimo hicho K ina pointi 5, nazo U, R na A zina pointi 1 kila moja. Kura basi ni 8. Mathalani karani wa mjini na mkulima wa Moiben wameketi kibarazani siku ya Jumamosi, ubao uko mbele yao, na wamepatana kucheza kwa Kiswahili.

"Nane, mzee," asema karani akiisha kupanga kete zake.

"Nane tu, kijana wangu? Foleni yake ilianza alfajiri, na mvua ilitunyeshea mpaka saa nne."

"Ubao hauhesabu mvua, mzee."

"Na kama ungekuwa na L mahali pa R?"

"Lingekuwa kula. Nalo ni nane vile vile."

"Ndiyo maana wengine hawaoni tofauti," asema mkulima, na wote wawili wacheka.

Mzaha huo wa mkulima una mizizi. Zipo lugha za Kenya zisizotenganisha R na L, na Kikuyu hakina L kabisa. Basi tangu zamani wapo walioandika "kupiga kula", na wenye maneno makali wamesema kwamba mwandishi hakukosea. Ubao nao, bila kujua lolote juu ya siasa, umeyapa maneno hayo mawili bei moja.

Kuna sadfa nyingine zitakazowafurahisha wapenda hesabu. Ballot ni 8. Uhuru, neno ambalo limeingia katika kamusi za Kiingereza kwa sura yake ya Kiswahili, ni 8 pia, ingawa hula U tatu kati ya nne zilizomo mfukoni. Na jina la Eldoret, herufi kwa herufi, ni 8 kamili. Lina herufi saba, idadi ile ile ya kete anazoshika mchezaji, na mwenye kuzimaliza zote kwa mkupuo huongezewa pointi 50. Ila sheria ya mchezo hukataza majina ya watu na miji, na hapo Eldoret imenyimwa haki yake. Haikuwa mara ya kwanza kwa mji huo kupata taabu ya jina. Kabla ya mwaka wa 1912 uliitwa kwa namba tu, 64, kwa kuwa posta ilijengwa katika shamba lililopimwa kwa namba hiyo. Na wenyeji walioisikia "sikisti-foo" ya Wazungu waliigeuza ikawa Sisibo, jina ambalo wazee hawajaliacha. Jina la Eldoret lasemekana latokana na neno la Kimaasai la mto wa mawe, yaani Sosiani. Msomaji na ajaribu kuhesabu neno MGOMBEA: ni 14, na kwa kuwa lina herufi saba huongezewa 50, likawa 64. Hilo ni Sisibo kamili, bila kuhesabu miraba ya kuzidisha. Bao la Kiswahili nalo huchezwa kwa kete 64.

Lakini si kila sadfa huchekesha. WIZI, kwa sababu ya Z yenye pointi 10, ni 16. Yaani wizi una thamani mara mbili ya kura.

Hapo yafaa kusimama kidogo na kuuliza mizani hii ni ya nani. Bwana Butts alihesabu herufi za magazeti ya Kiingereza. Kwa Mwingereza K ni nadra, ndiyo maana ipo kete moja tu katika mfuko mzima, na ndiyo maana ni ghali. Kwa Mswahili K ipo kila mahali, kutoka "kaka" hata "kuku" hata "kukataa". Q na X, ambazo Mwingereza huziringia kwa pointi 10 na 8, hazina kazi kabisa katika Kiswahili sanifu; A, ambayo Kiswahili hakiwezi kupumua bila yake, zipo tisa tu. Mchezaji wa Kiswahili anayetumia kete hizo ni kama mkulima anayepimiwa mahindi kwa debe la mnunuzi. Mahindi ni yake, lakini kipimo si chake. Kura ingepimwa kwa magazeti ya Kiswahili, K yake ingeshuka bei, na neno lingekuwa na pointi chache zaidi. Lakini lingekuwa limepimwa kwa haki.

Na pwani, karne nyingi kabla ya Bwana Butts, palikuwa na mizani nyingine. Herufi za Kiarabu zina hesabu iitwayo abjadi, ambayo walimu, watunga mashairi na watazama nyota waliitumia kupima majina na kuficha tarehe ndani ya maneno. Kwa hesabu hiyo Qaf ni 100, Ra ni 200, Ayn ni 70, na Ha ya mwisho ni 5. Qur'a basi ni 375. Mswahili alipolichukua neno hilo aliiacha Ayn njiani, kwa kuwa koo lake halikuitaka, na kwa hesabu ya abjadi akapoteza 70 pale pale. Neno ni moja. Kwa mizani moja ni 8, kwa nyingine ni 375.

Jambo hili lingekuwa la mchezo tu kama kura zenyewe, zile za sandukuni, hazikuwahi kupimwa kwa namna hiyo. Zilipimwa. Wazungu wa Kenya walianza kuwachagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria mwaka wa 1920. Waafrika walingoja hata Machi 1957, nao walipopewa kura hawakupewa kwa kipimo kimoja. Kwa mpango ulioandaliwa na Bwana Walter Coutts, mtu aliangaliwa elimu yake, mapato yake, mali yake, utumishi wake na mambo mengine ya namna hiyo. Asiyetimiza sharti lolote hakupata kura, aliyetimiza alipata moja, na mwenye sifa zaidi alipata mbili au tatu. Tatu ndiyo ilikuwa mwisho. Wakikuyu, Waembu na Wameru, kwa kuwa ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, walitakiwa kwanza wawe na cheti cha uaminifu kwa Serikali.

Picha ya hesabu hiyo yafaa kuchorwa wazi. Karani aliyesoma, mwenye mshahara na miaka mingi kazini, aliweza kusimama mbele ya sanduku akiwa na kura tatu mkononi. Jirani yake mwenye ng'ombe wachache na sifa moja tu alikuwa na moja. Kibarua wa shamba la ngano asiye na sifa yoyote hakuwa na kitu, ingawa jembe lake ndilo lililoulisha mji. Watu watatu waliokunywa maji ya mto mmoja walikuwa na bei tatu. Yule karani huenda aliona mpango huo una busara; ni vigumu mtu kuona kosa la mizani inayompendelea.

Wajumbe wa Kiafrika waliochaguliwa mwezi huo walikuwa wanane: Tom Mboya wa Nairobi, Oginga Odinga wa Nyanza ya Kati, Masinde Muliro wa Nyanza ya Kaskazini, Lawrence Oguda wa Nyanza ya Kusini, Ronald Ngala wa Pwani, Bernard Mate wa Jimbo la Kati, James Muimi wa Ukambani, na Daniel arap Moi wa Bonde la Ufa, jimbo ambamo Eldoret imo. Wanane, thamani ile ile ya neno lenyewe ubaoni. Wajumbe hao hawakukaa kimya juu ya mizani iliyowapeleka barazani. Katika uchaguzi wa Februari 1961 masharti yalilegezwa sana, na katika ule wa Mei 1963 yaliondoka: kila mtu mzima kura moja, awe karani, awe kibarua.

Usawa huo haukumaliza maneno. Mwaka wa 1988, katika uteuzi wa wagombea wa chama cha KANU, kura ya karatasi iliwekwa kando na watu wakaambiwa wajipange nyuma ya mgombea wampendaye au picha yake. Kiswahili kikakiita kitendo hicho "mlolongo". Aliyepata asilimia 70 mlolongoni alihesabiwa amekwisha kuchaguliwa bila kupingwa. Lile jambo lililofanya kura ziitwe kura, yaani siri ya chombo, liliondolewa; mwajiri, chifu na jirani wote waliona nani amesimama wapi. Na ilisemwa wazi, hata na watu wa kanisa, kwamba mara nyingine mlolongo mfupi ulitangazwa kuwa mrefu. Uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba 1992 ulifanywa kwa kura ya siri. Mlolongo una herufi nane, hivyo hakuna mchezaji awezaye kuupanga peke yake kwa kete saba. Lazima ategemee herufi ya mwenzake iliyokwisha kulala ubaoni.

Mwaka wa 2005 palitokea jambo jepesi zaidi. Katika kura ya maoni juu ya katiba, tarehe 21 Novemba, waliokubali walipewa alama ya ndizi na waliokataa alama ya chungwa. Ndizi ubaoni ni 15. Chungwa ni 16, tena lina herufi saba. Chungwa lilishinda, kwa asilimia 58 hivi.

Lakini msomaji wa Uasin Gishu atakuwa anangoja habari ya shamba, kwa kuwa huko kura ina maana ambayo mjini Nairobi yaweza kusahaulika. Walowezi walipoanza kuuza mashamba yao makubwa ya ngano, mahindi na maziwa, watu wa makabila mbalimbali walijiunga katika makampuni na vyama vya ushirika, wakachanga fedha, wakanunua. Ardhi ilipimwa ikakatwa vipande, na kila kipande kikapewa namba. Sasa nani achukue kipi? Kimoja kina mto, kingine kina mwamba. Kimoja ki kando ya barabara, kingine hakina hata njia. Mwenyekiti akigawa, ataambiwa amewapa ndugu zake. Basi namba ziliandikwa juu ya vikaratasi, vikakunjwa, vikatiwa katika kofia au debe, na kila mwanachama akatia mkono. Ilikuwa kura ile ile ya Yoshua. Mtu alifungua kikaratasi mbele ya wenzake, na maisha ya watoto wake yakawa yameandikwa humo kwa tarakimu mbili.

Wapo waliopata udongo mwekundu mzito, na wapo waliopata mawe. Mwenye mawe alinung'unika, lakini hakumpiga jirani yake, kwa kuwa jirani hakuwa amemfanyia neno. Kura imeanguka, imekwisha. Hiyo ndiyo nguvu ya kura ya bahati, nayo ni nguvu kubwa.

Kura ya sandukuni haina nguvu hiyo. Huku yupo aliyeamua, wapo waliohesabu, na yupo aliyetangaza. Kwa hiyo yupo wa kulaumiwa, na kama hesabu ni mbaya, ni haki alaumiwe. Hatari ni pale aliyeshindwa anapomtafuta wa kulaumiwa si kwa wahesabuji bali kwa jirani. Uchaguzi wa tarehe 27 Desemba, 2007 ulitangazwa matokeo tarehe 30. Siku mbili baadaye, tarehe 1 Januari, 2008, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret, lililojaa watu waliolikimbilia, wengi wao wanawake na watoto, lilichomwa moto. Katika nchi nzima waliokufa katika machafuko hayo, kwa hesabu ya tume ya Jaji Waki, walikuwa 1,133. Wengi walifukuzwa katika vile vipande vya ardhi walivyopewa wao au wazee wao kwa kikaratasi cha kofiani. Kura ya sanduku ilikuja kuivunja kura ya shamba. Na tume ya Jaji Johann Kriegler wa Afrika Kusini, iliyotoa ripoti mwezi Septemba 2008, ilisema kwamba hesabu zilikuwa zimeharibika kiasi kwamba haikuwezekana kujua ni nani hasa aliyeshinda. Watu walikuwa wameuana kwa ajili ya jumla ambayo haikuweza kupatikana.

Miaka kenda baadaye tofauti ya kura hizi mbili ilionekana mahali pengine, na kwa njia njema zaidi. Kura ya bahati haikatiwi rufani. Yona hakumwendea hakimu. Lakini tarehe 1 Septemba, 2017, Mahakama ya Juu ya Kenya ilibatilisha uchaguzi wa rais na kuamuru urudiwe, jambo ambalo halikuwa limetokea katika Afrika. Majaji nao waliamua kwa wingi: wanne kwa wawili.

Yasemwe pia, kwa haki ya neno, kwamba maana ya kale haijafa hata katika siasa. Katika jimbo la Virginia, Marekani, wagombea wawili walifungana kura sawasawa, na tarehe 4 Januari, 2018 majina yao yalitiwa katika bakuli likavutwa moja. Bwana David Yancey alipata kiti, na chama chake kikabaki na wingi katika baraza la wawakilishi kwa bahati ya mkono mmoja. Watu waliokuwa wamepiga kura ya kuchagua walimaliza kwa kupiga kura ya Mathiya.

Imebaki nafasi ya fumbo. Herufi za KURA zikichanganywa hutoa neno moja jingine la herufi nne, RUKA, na jingine la herufi tatu, KUA. Hizo ni rahisi. Wale wapendao kinyume, ule mchezo wa watoto wa pwani wa kuitanguliza silabi ya mwisho, watasema RAKU, nalo halina maana ila kwa anayeijua siri. Fumbo la juma hili ni gumu kidogo. Chukua neno UCHAGUZI, ambalo ubaoni ni 23. Usirudie herufi isiyojirudia. Ndani yake mna mnyama wa mwituni mwenye madoa. Mna kitu cha fundi cherehani. Mna neno la kushikwa na maradhi, na jingine la kumtunza aliyeshikwa. Mna neno la kukinga jambo lisitokee. Na mna neno la herufi tatu la mtu ambaye hajafa. Jumla ni maneno sita. Majibu yatatolewa juma lijalo, pamoja na habari ya debe.